Usihadaike na ukali wa picha, tazama Strehl kwanza

Nashughulika na picha za kitovu cha Njia Nyeupe kutoka hifadhi ya wazi ya ESO, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, hasa zile za kamera ya NACO iliyokuwa kwenye darubini za mita 8.2 huko Paranal, Chile. Nikifungua faili sianzi na nyota. Naanza na uwiano wa Strehl, yaani kilele cha mwanga wa nyota kikilinganishwa na kile ambacho darubini hiyohiyo ingekitoa kama angahewa isingekuwapo.

Hata Paranal, hewa huitanua nyota hadi karibu sekunde ya tao 0.7 (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii). Kwenye mawimbi ya maikromita 2.2, kioo cha ukubwa ule kingeweza kufikia takriban 0.06. Pengo hilo hupiganiwa na kioo chembamba kinachopindapinda mamia ya mara kwa sekunde, kikifuata mtikisiko wa mwanga wa nyota mwongozo, yaani nyota angavu inayotumiwa kupimia mtikisiko huo.

Sasa, Strehl ikiwa asilimia 40, kiini cha nyota huonekana kikali kabisa, nawe unafurahi. Lakini sehemu kubwa ya mwanga imebaki nje yake, imetawanyika katika ukungu mpana kama ule wa picha isiyorekebishwa. Ukipima kwa duara dogo usiku mmoja na usiku mwingine, utadhani nyota imefifia, kumbe ni hewa iliyochafuka. Kwa hiyo pima kila nyota dhidi ya jirani zake wasiobadilika mwanga, ndani ya picha ileile.

Jirani, nasisitiza. NACO iliweza kujiongoza kwa nyota IRS 7, inayong'aa sana kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ingawa vumbi huziba mwanga wa kawaida kuelekea huko. Kadiri unavyoiacha IRS 7, marekebisho hudhoofika na nyota hurefuka kuielekea. Mimi huigawa picha vipande na kutengeneza umbo la nyota la kila kipande, yaani jinsi nukta moja ya mwanga inavyotanuka hapo. Ni kazi ya kuchosha, lakini siioni njia ya mkato.

Wengine hujumlisha fremu zote ili wapate mwanga mwingi. Mimi huziacha zile zenye Strehl ndogo, maana ukungu wake humeza nyota hafifu zilizosongamana pale.

Na ukiona kinukta kipya kando ya nyota angavu, usikimbilie kuandika makala. Tafuta picha za eneo hilo zilizopigwa kamera ikiwa imezungushwa: kinukta kisipozunguka pamoja na nyota nyingine, kimetoka kwenye vioo, kifute.