Tani ya nini? Kabla hujaamini takwimu za shaba na kobalti za Kongo

Mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivuka tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Ni kweli, ila ukipanga malori, ghala au mkopo kwa kutazama jumla hiyo peke yake, utaumia. Uliza kwanza ni tani ya nini.

Chukua malori matatu yaliyopakia tani 30 kila moja. La kwanza lina katodi, mabamba ya shaba ya asilimia 99.99: karibu mzigo wote ni shaba. La pili lina makinikia, mchanga wa madini ya shaba ambao haujayeyushwa, yenye unyevu wa asilimia 10. Toa maji, zinabaki tani 27 kavu. Zikiwa na shaba asilimia 30, ni tani 8.1, na mnunuzi kwa kawaida atakata pointi moja ya asilimia, yaani ahesabu 29 badala ya 30, akulipe tani 7.83. La tatu lina hidroksidi ya kobalti, tope lisilokauka vizuri lenye kobalti, metali ya betri. Unyevu ukiwa asilimia 55, unabaki na tani 13.5 kavu, na kwa asilimia 30 una tani 4 na kidogo za kobalti. Mzani wa barabarani hauoni tofauti yoyote kati ya malori haya.

Kwa hiyo kwenye jedwali la forodha tafuta namba ya bidhaa kabla ya uzito: 7403 ni shaba iliyosafishwa, 7402 ni shaba ghafi na anodi (mabamba ya shaba iliyoyeyushwa lakini bado haijasafishwa kabisa), 2603 ni makinikia, 2822 ni hidroksidi ya kobalti. Na usijumlishe uzalishaji wa mgodi na wa kinu cha kuyeyushia. Makinikia yaliyoyeyushwa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, yameshahesabiwa mgodini. Ukiyaongeza tena yakiwa anodi, umehesabu shaba ileile mara mbili. Mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ulipowasha kinu chake mwishoni mwa 2025, chenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, makinikia ya kusafirishwa lazima yapungue hata mgodi usipopunguza kitu. Wenye malori walitazame hili kwa makini, maana shaba ileile ikiwa anodi inahitaji safari chache zaidi.

Kobalti ndiyo inayopotosha zaidi. Kongo huchimbwa pamoja na shaba, hivyo mgodi hauwezi kuifunga kama bomba. Serikali iliposimamisha kuiuza nje Februari 2025, shaba iliendelea kutoka na hidroksidi ikarundikana viwanjani. Oktoba ukaja mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Hizo ni chini ya nusu ya kilichochimbwa 2024. Atakayesoma mauzo ya nje akadhani ni uzalishaji ataona migodi imekufa, na haijafa.

Nchi ya mnunuzi nayo isikubabaishe. Mzigo ukiandikwa Uswisi au Singapore, mara nyingi hiyo ni anwani ya dalali wa metali, shaba yenyewe iko njiani kwenda China. Mzigo unaopita bandari ya Dar es Salaam ni wa kupitishwa tu, hauingii kwenye mauzo ya Tanzania. Ukilinganisha na takwimu za China, kumbuka meli hutumia wiki kadhaa na bei ya kule ina nauli na bima ndani yake.

Ukitaka dalili ya mapema, tazama salfa inayopanda kutoka Dar. Migodi ya oksidi, yaani ile ambayo shaba yake hutolewa kwenye mawe kwa asidi na si kwa moto, hutengeneza asidi hiyo kwa salfa. Salfa ikikwama, katodi hupungua baadaye. Ila dalili hiyo inaanza kudhoofika, kwa sababu vinu vya kuyeyushia hutoa asidi vyenyewe na kuwauzia majirani. Salfa ikipungua mpakani siku hizi, uliza kwanza kama asidi ya Kolwezi imeongezeka.