Mleta mada, weka msasa chini: eleroni kwanza kwenye mizani

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka pale ulipoandika "nitapiga puti mabawa na eleroni zote, halafu nipulize rangi kabla mashindano hayajaanza", nikashindwa kuendelea. Umenunua Standard Cirrus, glaida (ndege isiyo na injini) ya miaka ya 70, unataka ikimbie, unauliza vibawa vya nchani, utepe wa zigizaga, nta gani, maji ya kuongeza uzito lita ngapi. Yote hayo yatasubiri. Eleroni, vile vipande vinavyocheza nyuma ya mabawa kuilaza ndege upande, umezipima?

Hujazipima. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe sikuzipima.

Hamu yako naielewa kabisa. Resini ya glaida hizi huendelea kusinyaa miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo pale juu ya mhimili wa bawa panajitokeza wimbi. Ukipitisha kiganja unalisikia. Bawa la Cirrus limechorwa ili hewa ipite juu yake ikiwa imetulia, na wimbi dogo tu linaivuruga mapema. Jelikoti, lile tabaka gumu la nje, nayo imejaa nyufa kama za sahani kuukuu. Ukiangalia hivyo mkono unawasha, unatafuta msasa. Na kweli mabawa yangu yalinyooka: ubao mrefu, msasa wa maji, unapiga kwa mshazari, unapima, unarudia. Kama ningeishia hapo leo ningekuwa natamba humu.

Lakini nilikuwa na fundi. Mzee wa boti, mikono ya dhahabu, hapa Ujerumani wanamheshimu mpaka basi. Akaniambia eleroni zisipolingana na bawa kazi yote ni bure, tuzijaze nazo. Nikamuuliza uzito je? Akacheka, akasema "rangi ni rangi, itaongeza nini?" Mzee, boti haijawahi kupaa! Na yule mkongwe wa klabu aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha kahawa, anatikisa kichwa kukubali, naye sijamsamehe.

Sasa sikiliza itaongeza nini. Eleroni inaning'inia kwenye bawaba zilizoko upande wake wa mbele. Bawa likipigwa na hewa likainuka, eleroni yenye uzito mwingi nyuma ya bawaba inachelewa kufuata, inabaki chini. Ikibaki chini inaliongezea bawa nguvu ya kuinuka zaidi. Bawa likirudi, inachelewa tena, safari hii kwa upande wa pili. Ukiwa mwendo mdogo hewa inaituliza. Ukifika mwendo fulani hewa haitulizi tena, inachochea, na kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Glaida zimewahi kupoteza mabawa kwa jambo hili, na huwa ni suala la sekunde chache.

Ndiyo maana kitabu cha matengenezo kinatoa vikomo viwili kwa kila kipande cha kuongozea kama eleroni: uzito wake mzima, na uzito wa nyuma ukizidishwa kwa umbali kutoka kwenye bawaba. Puti ya gramu 40 kwenye ukingo wa nyuma, sentimita 12 kutoka kwenye bawaba, ni gramu-sentimita 480 tayari. Na pale ukingoni ndipo kila fundi anapopenda kujaza, kwa sababu ndipo panapoonekana pamepinda.

Mimi niligundua nikiwa angani. Nilikuwa nateremka kuelekea mstari wa mwisho, pua chini, spidi inapanda, najiona bingwa. Fimbo ya kuongozea ikaanza kuvuma mkononi, kama simu iliyowekwa mtetemo. Nikatazama kushoto, ncha ya bawa sikuiona vizuri, ilikuwa ukungu. Nikavuta fimbo polepole, spidi ikashuka, kimya. Nilitua nikiwa sina mate mdomoni. Kiwango cha mwisho cha Cirrus ni kilomita 220 kwa saa, na mimi sikuwa hata karibu nacho.

Mkaguzi alipoziweka mezani hakusema kitu, alinigeuzia tu karatasi nisome mwenyewe. Zote mbili zimezidi. Nikapendekeza tuongeze risasi, ile metali nzito, mbele ya bawaba isawazishe. Akaniambia uzito mzima nao umeshafika kikomo, risasi utaiweka wapi? Basi ikawa kukwangua kila kitu hadi kwenye fiba, bawaba mpya, rangi upya, na msimu mzima naangalia wenzangu wakivutwa juu. Pesa sitaji, mke wangu huwa anapita humu. Glaida yenyewe anaiita mke mwenza, na safari hii alikuwa na hoja.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujafungua kopo lolote. Toa eleroni, ipime nzima, andika. Ishike kwenye bawaba zake ikizunguka bila kukwama, ukingo wa nyuma ukae kwenye mizani ya jikoni, eleroni ikiwa imelala sawa. Soma gramu, zidisha kwa umbali kutoka kwenye bawaba hadi pale mizani ilipogusa. Linganisha na kitabu. Ukishapiga msasa, pima. Ukishapuliza, ikauke, pima tena. Na mkia wa ulalo wa Cirrus usiusahau, ule ni kipande kimoja kinachozunguka chote, nao una vikomo vyake. Akitokea mtu akakwambia rangi ni rangi, mwondoe karakana.

Vibawa vya nchani: vinahitaji kibali, na orodha nyingi za hendikapu (za kusawazisha alama kati ya glaida za kasi tofauti) zinakukata ukishaviweka, kwa hiyo piga hesabu. Utepe wa kuziba nafasi kati ya bawa na bodi ni bei ya soda na unasaidia kuliko unavyodhani. Futa na wadudu kwenye ukingo wa mbele. Uliuliza na nta, sijui, tumia yoyote.

Weka hapa namba zako za kushoto na kulia, pamoja na picha ya ukurasa wa kitabu chako. Nitaziangalia leo usiku nikitoka kazini.