Maswali ya Wasomaji: Ubishi wa Albamu za Ska ya Wimbi la Tatu

Tangu tuitaje ska ya Marekani kwenye safu hii, yaani wimbi la tatu la muziki huu uliozaliwa Jamaika na kupitia Uingereza, barua zimekuwa zikigongana. Tumechagua chache na kuzijibu bila kumpendelea mtu.

Mimi na shemeji yangu hatuelewani. Yeye anasema hakuna albamu ya ska ya wimbi la tatu inayoifikia Let's Face It ya Mighty Mighty Bosstones. Mimi nasema ni Energy ya Operation Ivy. Tuamulieni. – Msomaji, Nakuru

Shemeji yako ana hoja ya umaarufu. Bosstones wa Boston walikuwa wameshatoa albamu kadhaa, lakini hii ya 1997 ndiyo iliyowaingiza kwenye redio za Marekani nzima, na wimbo wake The Impression That I Get ulifika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa. Ni kazi iliyopigwa pasi vizuri: wapuliza wako mbele, gitaa limelainishwa, ukali umebaki zaidi kwenye koo la mwimbaji Dicky Barrett. Hata hivyo, kwa kazi za Bosstones wenyewe sisi tungetanguliza Question the Answers ya 1994, kwa sababu pale roki nzito na ska bado zinapigana, na vita hivyo ndivyo vilivyokuwa utamu wao.

Wewe una hoja ya uzazi. Operation Ivy walianza 1987 huko Berkeley, wakatoa albamu moja tu mwaka 1989, na mwaka huohuo wakavunjika. Sikiliza gitaa la Tim Armstrong: kwenye beti linakata ska kwa sauti safi, kiitikio kikiingia linafunguliwa ukali wote wa panki. Ufundi huo wa beti za ska na kiitikio cha panki ulifuatwa na makundi chungu nzima katika miaka ya 1990. Armstrong mwenyewe na mpiga besi Matt Freeman waliendelea nao katika kundi la Rancid. Kasoro ya Energy ni kwamba haina kikosi cha wapuliza. Anayeipenda ska kwa ajili ya tarumbeta ataiacha mikono mitupu.

Kwa hiyo, kama mnabishania albamu iliyofungua njia, umemshinda shemeji. Kama mnabishania ska yenyewe, nyote wawili mmekosa. Jibu letu ni Right on Time ya Hepcat, kundi la Los Angeles, iliyotolewa na lebo ya Hellcat mwaka 1998. Hawa waliirudisha ska kwenye mwendo wa Kingston ya miaka ya 1960: besi inatembea bila haraka, wapuliza wanaachiana nafasi, Greg Lee na Alex Désert wanapokezana uimbaji. Pigeni rekodi yoyote ya Skatalites, kundi la Jamaika, ya 1964 au 1965, kisha wekeni Hepcat mara moja, mtausikia undugu. Huwa inasahaulika kwenye mabishano kwa sababu haina hasira, na mashabiki wengi hupima kasi na makelele wakidhani wanapima ska.

Je, Tragic Kingdom ya No Doubt ihesabiwe? – Msomaji, Arusha

Hapana, ingawa kundi lenyewe lina haki ya kukaa mezani. No Doubt walianzia kwenye ska huko Anaheim, California, mwaka 1986. Ila kufikia albamu hiyo ya 1995 walikuwa wameshatanua sana. Kipimo chetu ni hiki: hesabu nyimbo ambazo gitaa au kinanda kinabeba pigo la katikati, lile linaloangukia kati ya mapigo makuu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zisipofika nusu ya albamu, hiyo ni albamu ya pop au roki yenye ska ndani yake. Spiderwebs inapita; Don't Speak, uliokuwa wimbo wao mkubwa kuliko yote, hauna ska hata chembe. Kwa kipimo hichohicho kundi la Sublime nao wanabaki nje, maana rege, panki na hip hop vimegawana kazi zao.

Energy kwenye santuri ya zamani ina nyimbo 19, ya rafiki yangu kwenye CD ina 27. Nani ameuziwa ya bandia? – Msomaji, Dar es Salaam

Hakuna aliyetapeliwa. Albamu ya 1989 ilikuwa na nyimbo 19. CD ya 1991 iliongezewa nyimbo sita za santuri yao ndogo iitwayo Hectic na mbili zilizokuwa kwenye mkusanyiko wa makundi mbalimbali. Ukiipima albamu kwa ajili ya ubishi, ishia kwenye wimbo wa 19. Nyingine ni za mapema zaidi na zimerekodiwa kwa namna tofauti, ndiyo maana CD inaonekana kulegea mwishoni.

Keasbey Nights ipi ni halali: ya Catch 22 au ya Streetlight Manifesto? – Msomaji, Toronto

Zote. Catch 22 wa New Jersey waliitoa 1998. Mtunzi na mwimbaji wao, Tomas Kalnoky, akaondoka, akaunda Streetlight Manifesto, na mwaka 2006 akairekodi upya albamu nzima na kundi lake jipya. Ya pili imenyooka zaidi, na kila ala inasikika mahali pake. Ya kwanza ina vijana wanaokimbilia mwisho wa wimbo utadhani studio inafungwa, na nyimbo zile zimetungwa kwa pupa hiyohiyo. Tunaichagua ya 1998. Ukitaka kumsikia Kalnoky akiwa amekomaa, nenda kwenye Everything Goes Numb ya 2003, ambako wapuliza wana kazi nzito kuliko gitaa.

Kwa nini kila orodha huanzia 1996? – Msomaji, Zanzibar

Kwa sababu redio za Marekani ziliamka miaka hiyo, zikipiga Reel Big Fish, Goldfinger na wenzao. Lakini Toasters wa New York walianza 1981, wakati wimbi la pili la Coventry, lile la Specials na lebo ya 2 Tone, lilikuwa bado hai. Kiongozi wao, Mwingereza Rob Hingley, ndiye aliyeanzisha lebo ya Moon Ska. Tafuta Skaboom! ya 1987. Fishbone wa Los Angeles walitoa Truth and Soul 1988. Humo kuna fanki na metali kiasi kwamba inaanguka kwenye kipimo chetu cha nusu, lakini ni albamu bora kuliko nyingi zinazokipita.

Bendi yetu ya chuo inajaribu nyimbo za Less Than Jake. Tuna tarumbeta, saksafoni alto na tromboni. Nyimbo tunazotunga wenyewe, wapuliza wanakosea kila mara na gitaa linasikika zito. Tufanyeje? – Msomaji, Kampala

Tunabahatisha kwamba mpiga gitaa ndiye anayetunga, na anapenda ufunguo wa E. Kwake ni rahisi. Kwa wapuliza ni adhabu, maana noti za tarumbeta na alto huandikwa kwa ufunguo tofauti na wa gitaa. Tarumbeta ya B flati italazimika kusoma F shapu yenye shapu sita, na alto italazimika kusoma C shapu yenye shapu saba. Sogezeni wimbo freti moja juu, uwe F. Tarumbeta itasoma G yenye shapu moja, alto D yenye shapu mbili, tromboni itabaki na flati moja. B flati ni nafuu zaidi: tarumbeta haina shapu wala flati, alto ina shapu moja.

Uzito wa gitaa una sababu tatu. Ya kwanza ni kupiga nyuzi zote sita. Pigeni tatu nyembamba tu, besi imeshabeba chini. Ya pili ni kuiacha sauti iendelee kulia. Hesabuni “moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na”, gitaa lipige kwenye “na” kwa kupandisha mkono, kisha vidole vya mkono wa kushoto vilegee papo hapo bila kuachana na nyuzi. Vikiinuka kabisa, nyuzi zitalia ovyo. Ya tatu ni kusahau kuzima sauti ya kukwaruza wimbo unaporudi kwenye beti. Punguzeni pia besi kwenye amplifaya.

Msianze na kasi ya Hello Rockview, albamu ya Less Than Jake. Wekeni metronomu kwenye mapigo 100 kwa dakika, mpande kwa matano matano. Mkono wa kulia ukichoka huanza kupiga chini na juu, na hapo ska imekufa hata kama kasi ipo. Mpiga ngoma naye, mnapojifunza, apige ngoma ya besi na snea pamoja kwenye pigo la pili na la nne tu. Wapuliza wapeni kifungu cha bari mbili, kisha bari mbili za kunyamaza. Mpiga tarumbeta asiyepewa nafasi ya kupumua atashuka sauti kabla wimbo haujafika nusu, na mtamlaumu bure.