Nimekesha usiku arobaini, mbona sijaona nuru?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nimemaliza usiku arobaini wa nyiradi, yaani dhikri za kurudiarudia, nahesabu kwa tasbihi, na moyo umezidi kukauka. Mwalimu mmoja kaniambia moyo wangu una kutu, niongeze idadi mpaka pazia lifunguke. Mchana nasinzia, na mke wangu ameanza kununa. Je, Mola amenikataa?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hujakataliwa, mwanangu. Una usingizi.

Fadhila za dhikri na kisimamo cha usiku hatubishanii. Ninachokikataa ni hilo la "ongeza idadi mpaka pazia lifunguke". Kalitoa wapi? Qur'ani inasema Allah humuongoza kwenye nuru yake amtakaye (24:35). Amtakaye! Haikusema aliyefikisha elfu kumi. Mwalimu huyo amekufundisha kufanya na Mola wako biashara ya debe la dagaa: nimetoa changu, nipe changu. Matokeo yake kila usiku unakatiza dhikri ujichungulie, nimefika? Hapo unayemkumbuka ni nafsi yako. Waulize wavuvi wanaokuletea mzigo: karabai inawashwa ili dagaa wavutwe na mwanga, wajikusanye. Anayeikodolea macho yenyewe huona weupe mtupu, na dagaa wanapita.

Salman al-Farisi, swahaba wa Mtume, alimtembelea swahaba mwenzake Abu Dardaa, akamkuta mke wa Abu Dardaa amejiachia, hajipambi. Kulikoni? Akajibu, "Ndugu yako hana haja na dunia." Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali. Salman: lala. Akainuka tena. Lala! Mwisho wa usiku ndipo akamwamsha, wakaswali pamoja, akamwambia kuwa Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki, na ahali zako wana haki. Mtume (s.a.w.) alipopelekewa habari hiyo alisema: Salman kasema kweli. Iko katika Bukhari, kitabu cha hadithi.

Sasa huyo anayenuna nyumbani, umemuuliza kulikoni? Na pale mezani, ukisinzia ukampunjia mteja kopo, ni haki ya mja hiyo. Usiku arobaini hauilipi.

Leo ukishaswali Isha rudi nyumbani, kula naye, lala. Ukiamka kabla ya Alfajiri, rakaa mbili na witri, ile swala ya kufungia usiku, zinatosha. Usipoamka, usijitukane. Tasbihi ifungie kabatini mwezi mzima, adhkari za baada ya swala uhesabu kwa vidole kama alivyofanya Mtume. Na mwalimu wako akikuuliza umefika elfu ngapi, mwambie umesahau.