Watazamaji wameukataa muziki wangu wa okestra: nisikilize maoni yapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetunga muziki wa filamu fupi ya mapigano ya dakika 22. Sina okestra, nimetumia maktaba ya sauti kwenye kompyuta: vayolini, selo, honi, tarumbeta na ngoma kubwa. Mwongozaji aliwaonyesha watu filamu kabla haijakamilika. Mmoja akasema muziki ni "mkubwa mno". Wa pili akasema "umekaa kizamani". Wa tatu, aliyetumiwa kwenye simu, akasema kwenye vita ya ghalani hata hakuusikia vizuri. Halafu mshikaji wangu niliyemtumia muziki mtupu, bila picha, akasema ni moto wa kuotea mbali. Sasa mwongozaji anataka tutupe wote tuweke biti. Kitaalamu, maoni haya yana maana gani, na nifanye nini kabla ya kufuta? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Usifute kitu, na hiyo biti isubiri kwanza. Hao watu wanne hawajapingana. Kila mmoja amesikia kitu chake, kwenye spika yake, katika hali yake. Mwongozaji wako ameyahesabu maoni kama kura: watatu hawakupenda, mmoja kapenda, muziki umeanguka. Mtazamaji mwamini anapokuonyesha mahali alipochoka au alipokereka, kwa sababu hapo hakosei. Sababu anayoitaja ndiyo ya kuhakiki, maana yeye anaisema kwa maneno ya mtaani na wewe unahitaji kuijua kwa hezi (wembamba au uzito wa sauti), desibeli (ukubwa wake) na fremu (picha moja moja zinazounda video).

Yaliyokukuta yaliwahi kumkuta mtu mkubwa sana. Mwaka 2004 filamu ya Troy, ile ya Brad Pitt akicheza Achilles, ilikuwa na muziki wa Gabriel Yared, mzaliwa wa Lebanoni ambaye tayari alikuwa na Oscar ya The English Patient. Alikuwa ameufanyia kazi kwa takriban mwaka mzima, kwa okestra kubwa na kwaya. Mwezi Machi, miezi miwili kabla ya kutoka, filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio huko Sacramento, California, ikiwa bado haijakamilika. Wachache kati yao wakabakizwa kuhojiwa. Kwa maelezo aliyoyatoa Yared mwenyewe baadaye, hao ndio waliosema muziki ni mkubwa kupita kiasi na unaifanya filamu ionekane ya zamani. Soma tena barua yako uone. Muziki wote ukaondolewa, akaitwa mtunzi mwingine, James Horner, naye akaandika mpya katika muda wa wiki mbili hivi.

Sehemu inayonivutia zaidi ni yaliyofuata. Filamu ilipotoka, wasikilizaji wakaanza kumsema Horner. Ana noti nne za tarumbeta za kuashiria hatari ambazo wapenzi wa muziki wa filamu walikuwa wamezisikia kwake tangu Willow ya 1988, na tena kwenye Enemy at the Gates ya 2001, na hapa akazirudia hadi watu wakachoka. Wengine wakasema wanasikia War Requiem, kazi ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, ndani yake. Wakati huohuo vipande vya muziki wa Yared vilipowafikia mashabiki, wengi wakauweka juu ya ule uliochukua nafasi yake. Hata hapo sikubaliani nao moja kwa moja: wao walikuwa wanasikiliza muziki mtupu, bila panga na bila farasi, kama mshikaji wako. Lakini ukweli unabaki kwamba muziki uleule ulikataliwa na kundi moja na kutukuzwa na jingine, na noti hazikubadilika. Kilichobadilika ni mazingira ya kusikiliza.

Tuanze na aliyesema "mkubwa mno". Neno hilo hubeba malalamiko ya aina tatu. Linaweza kuwa sauti ya juu, linaweza kuwa msongamano, na linaweza kuwa muda. Kuyatenganisha ni kazi ya nusu saa. Chukua sekunde 40 za vita ya ghalani, punguza muziki wote kwa desibeli 4, mwonyeshe mtu ambaye hajaiona. Akitulia, tatizo lilikuwa miksi, yaani uwiano wa sauti, na utunzi wako hauna kosa. Akisema bado mkubwa, basi ni msongamano: ala nyingi mno zinafanya kazi moja mahali pamoja. Irabu za mwanadamu zina nguvu zaidi chini ya hezi 1,000, lakini konsonanti, zile zinazotufanya tutofautishe "pita" na "sita", zinakaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000, nyingine juu zaidi. Mng'ao wa tarumbeta uko hapohapo. Ukali wa vayolini uko hapohapo. Panga likigonga panga, kioo kikipasuka, navyo hapohapo. Ni makonda wawili wanaita abiria kituo kimoja kwa sauti moja: abiria hasikii "Nyegezi" wala "Kisesa", anasikia kelele tu. Kwa hiyo mtazamaji aliyekosa sentensi moja ya mhusika hatakwambia nimekosa sentensi. Atakwambia muziki ulikuwa mkubwa.

Dawa ya kwanza hapa si ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti. Najua vijana mnaikimbilia, na kweli kukata desibeli 2 au 3 kuzunguka hezi 3,000 pale mtu anapozungumza kunasaidia, lakini ni kiraka. Rudi kwenye utunzi. Mhusika akifungua mdomo, tarumbeta zinyamaze, honi zishuke zishike noti ndefu ya chini, vayolini zipande oktava nzima juu au ziache kabisa. Mlio mkubwa wa bunduki ukija, usipigane nao. Pumzika robo mapigo kabla yake, kisha ingia baada yake.

Aina ya tatu, ya muda, ndiyo ninayoishuku zaidi kwako, ingawa sijasikia kazi yako. Watunzi wanaoanza na maktaba za kompyuta huweka okestra nzima sekunde ya kwanza ya pigano kwa sababu ipo na ni bure kuiongeza. Ukiwa na wanamuziki 80 wa kulipa kwa saa ungefikiri mara mbili. Ukishatumia kila kitu mwanzoni, pigano la dakika tatu linabaki na dakika mbili na nusu zisizo na pa kwenda, na sikio la msikilizaji linachoka hata kama sauti si ya juu. Rudi Troy utazame Hector na Achilles wanavyopigana mbele ya lango, kwenye toleo la sinema la 2004. Pale kuna karibu ngoma tupu. Ngoma inapiga na kuacha nafasi, na katika nafasi hiyo unasikia pumzi, mchanga, mkuki ukigonga ngao. Mwaka 2007 ilipotoka nakala ndefu ya mwongozaji, pigano hilohilo likawekewa muziki wa okestra uliotoka Planet of the Apes wa Danny Elfman. Tazama matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Mimi niko upande wa ngoma bila kusita, na katika kuwaonyesha wanafunzi sijapata somo zuri zaidi la msongamano kuliko hilo.

Aliyetazama kwenye simu alisema hasikii. Huyu ana haki kabisa na jibu lake ni fupi. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 au 300, na ngoma zako kubwa, dabo besi na sehemu ya chini ya selo zinaishi huko. Alichobaki nacho ni ukoko wa juu. Usiongeze besi, haitafika. Ongeza kitu juu yake: fimbo ikigonga ukingo wa ngoma pamoja na ngoma kubwa, au selo oktava moja juu ya dabo besi zikicheza mstari uleule. Besi isipofika, sikio litafuata kile cha juu na kuijaza yenyewe. Na kwa kuwa filamu fupi nyingi huku kwetu huishia kutazamwa kwenye simu kabla ya ukumbi wowote, sikiliza kila miksi kwenye simu ya bei nafuu. Filamu ikifika kwenye kibanda umiza na mtafsiri akaongea juu yake mwanzo mpaka mwisho, muziki utazikwa, na hapo hakuna la kufanya.

"Umekaa kizamani" ndilo gumu, kwa sababu mara nyingi halihusu mtindo kabisa. Kwa hadhira ya Sacramento huenda lilihusu mtindo. Gladiator ilikuwa imetoka 2000, na masikio ya watu yalikuwa yamezoea mapigo ya kujirudia na sauti ya mwanamke inayolia peke yake juu ya uwanja wa vita. Muziki wa melodi ndefu na kwaya nzito ukawagonga kama filamu ya baba zao. Kwako nashuku mambo mawili mengine.

La kwanza ni maktaba yako ya sauti. Vayolini za kompyuta zina mwanzo wa taratibu, na noti zinapounganishwa bila kukatika, sauti huchelewa sehemu ya sekunde baada ya kubonyeza. Kwenye wimbo wa mapenzi hutagundua. Kwenye pigano la mapigo 150 kwa dakika okestra nzima inakokota miguu. Vuta noti hizo mbele kwa mkono, ala moja moja, maana kila ala inachelewa kwa kiasi chake, na tumia sauti fupi zilizorekodiwa fupi badala ya kukata ndefu. Pia tazama nguvu ya upigaji. Ikiwa kila noti ina nguvu ileile, mtazamaji anasikia kinanda, na kinanda kinachojifanya vayolini kinamkumbusha filamu za miaka ya nyuma. Hapo anatafuta neno na kulipata: kizamani.

La pili ni kufuata picha kupita kiasi. Kama kila ngumi ina kishindo cha tarumbeta na kila anguko lina matoazi, umefanya kama katuni. Jaribu hivi: ondoa nusu ya vishindo hivyo, vilivyobaki viweke fremu 3 au 4 baada ya ngumi badala ya juu yake. Kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni kama sehemu ya saba ya sekunde tu, lakini inatosha kuipa ngumi mlio wake yenyewe kwanza.

Kuna jambo ambalo hukuliandika na ningependa umwulize mwongozaji wako: alipokuwa anakata picha, aliweka muziki gani wa kushikizia, yaani wa muda, uliochukuliwa kwingine? Karibu kila mtu huweka. Baada ya kuisikia vita ya ghalani na muziki wa mtu mwingine kwa wiki kadhaa, muziki wako wowote utamwashia taa nyekundu, na maoni ya watazamaji yatakuwa kisingizio tu cha kile alichokwisha kuamua. Na usikubali jibu la "nifanyie kama huo". Mwaka 2007 filamu ya 300 ilitoka na muziki wa Tyler Bates uliofanana mno sehemu fulani na ule wa Elliot Goldenthal wa filamu ya Titus, na Warner Bros., kampuni ileile iliyoitoa Troy, ikalazimika kukiri hadharani.

Kisha rudieni kuwauliza watu, safari hii kwa utaratibu. Watazamaji wapya, si walewale. Baadhi yao waone pigano mara moja bila muziki, wengine waone na muziki uliorekebishwa. Kila mmoja aandike peke yake kabla ya mtu kufungua mdomo, kwa sababu wa kwanza kusema huwaburuta wengine. Na msiulize kuhusu muziki. Ulizeni: ulidhani nani atashinda, ulianza kuhofia wakati gani, mhusika alisema nini kabla ya kuzima taa. Wasiokumbuka alichosema watakuwa wamekuonyesha sekunde halisi ya kurekebisha. Ukimwuliza mtu "muziki ulikuwaje?" umemgeuza mhakiki, na mhakiki wa ghafla lazima atafute kosa.

Mshikaji wako wa "moto wa kuotea mbali" mshukuru, lakini maoni yake yaweke kando kwa uamuzi huu. Yatafaa siku utakapotoa muziki huo kama albamu.

Mwongozaji mpelekee stemu, yaani nyuzi (vayolini na selo) peke yake, shaba (tarumbeta na honi) peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake, zote zikianza fremu moja. Mchanganya sauti ataweza kuzima tarumbeta kwenye sentensi mbili bila kuua muziki mzima, na mara nyingi hapo ndipo neno "tutupe" linapopungua. Mwombe mrekebishe vita ya ghalani tu kwanza, halafu aamue juu ya dakika nyingine.

Akikataa bado, ni haki yake, filamu ni yake. Ila kabla ya kukabidhi faili, andikishianeni mambo mawili: unalipwa kiasi gani kwa muziki uliokwisha kutunga hata usipotumika, na muziki usiotumika ni mali ya nani. Wakubwa huko nje mara nyingi hutunga kwa mkataba unaoiachia studio umiliki wa kila noti, ikiwemo iliyokataliwa. Kama wewe hujasaini mkataba wa namna hiyo, sasa hivi ndio wakati wa kuandika kwamba ukikataliwa unarudi kwako.