Watoto Wanaomaliza Kazi Mapema Katika Darasa la Awali

Swali: Ninafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa), wilayani Ilemela, Mwanza. Nina watoto 74 na niko peke yangu. Wanane kati yao wanajua kusoma silabi na kuhesabu hadi 100, hivyo humaliza kazi haraka na kuanza kuwasumbua wenzao. Nimekuwa nikiwapa hesabu za darasa la kwanza; wazazi wao wamefurahi, lakini watoto hawatulii. Fedha ya kununulia vifaa sina. Niwape shughuli gani za ziada?

Jibu: Mwalimu, kabla hujachagua shughuli yoyote, nakuomba uwapime hao wanane kwa jambo dogo. Mwaga kokoto kama 20 mbele ya mtoto, kisha umwambie, "Nipe kokoto saba," bila kumhimiza ahesabu. Mtoto aliyekwisha kuelewa idadi atazitenga moja moja na kuacha anapofika saba, ilhali yule aliyekariri majina ya namba, hata kama huyataja hadi 100 bila kukwama, atachota mkono mzima na kukukabidhi. Kwa yule aliyefaulu, zipange kokoto hizo saba katika mstari uliobanana, kisha zitandaze mbele ya macho yake na umuulize kama zimeongezeka. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba watoto wengi wa umri huu hujibu kuwa zimeongezeka, kwa sababu huamini urefu wa mstari kuliko idadi. Ni hatua ya kawaida ya ukuaji, lakini inatuambia kwamba namba saba bado haijamalizika kwao. Kumrukisha mtoto wa namna hiyo hadi kwenye hesabu za darasa la kwanza ni kumpa maandishi ya jambo ambalo mikono yake haijalishika, na nadhani hapo ndipo utulivu unapopotea.

Kwa hiyo shughuli ya ziada isiwe ya kumsogeza mbele. Iwe ya kumzamisha zaidi katika jambo lile lile, na iwe ya watoto wote 74, kila mmoja akiishia pale uwezo wake unapomfikisha.

Nikupe mfano mmoja kwa urefu. Tafuta beseni la maji, kokoto, kipande cha ubao, boya kuukuu la wavu na vizibo vya bati vya chupa za soda. Kabla kitu hakijatiwa majini, kila mtoto aseme kama kitaelea au kitazama, na aseme kwa nini anadhani hivyo. Kokoto na ubao havitawashangaza watoto wa mwaloni. Kizibo ndicho chenye elimu: kikilazwa taratibu, upande wenye kingo ukitazama juu, huelea, kikiingia kwa ubavu na kujaa maji, huzama. Mtoto mmoja atapiga kelele kwamba kimezama, mwenzake atabisha kwamba chake kinaelea, na hapo wewe usiwaamue. Waulize tu kila mmoja alikiwekaje. Zamu yao inayofuata waulize ni kokoto ngapi ndogo kizibo kinaweza kubeba kabla ya kuzama, na zamu ya tatu waulize inakuwaje kivuko cha Kamanga, ambacho ni cha chuma na kinabeba magari, kisizame. Hao wanane watakaa kwenye swali hilo la mwisho kwa siku kadhaa. Wengine watabaki wakihesabu kokoto zilizobebwa, nayo ni hesabu halali kabisa.

Maji hayo yawe ya bomba au ya mvua, kamwe yasiwe yaliyochotwa ziwani, kwa sababu maji ya pwani ya Ziwa Victoria yanaweza kuwa na viluwiluwi vya kichocho vitokavyo kwa konokono na kupenya ngozi ya mtoto anayechezea maji. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa hatari ya kuzama, singekushauri kuwapeleka watoto 74 ufukweni ukiwa peke yako. Ukitaka gugu maji, lete bua la jani lililovimba tu, mizizi ikiwa imekatwa, ukalioshe kwa maji ya bomba na kulikausha. Ukilipasua, watoto wataona ndani yake vijumba vidogo vya hewa, na baadhi watakumbuka kizibo bila wewe kuwakumbusha.

Kuhusu wingi wa watoto, gawa darasa katika makundi sita, na kila siku ukae na kundi moja tu kwenye beseni kwa dakika 15 hadi 20. Makundi mengine yafanye shughuli wanazozijua tayari: kufinyanga udongo, ambako huimarisha vidole kwa ajili ya kushika penseli, kucheza mdako, au kucheza bao lililochimbwa ardhini, ambalo wazee wa Kisukuma huliita isolo, kwa sheria zilizorahisishwa. Usiwachanganye kwa kuanzisha jambo jipya katika makundi mawili siku moja. Wala usiwageuze wale wanane kuwa wasimamizi wa kudumu, kwa maana muda wanaosimamia wengine ni muda ambao wao hawajifunzi.

Baadhi ya watoto wako bila shaka huongea Kisukuma au Kikerewe nyumbani. Mtoto akieleza kwa lugha hiyo kwa nini kizibo kimezama, mpokee, kisha rudia maelezo yake kwa Kiswahili ili neno jipya limkute akiwa tayari na wazo.

Wazazi watauliza mbona daftari ni tupu. Mwalike mzazi anayeshona nyavu, aje na sindano yake ya mbao, awaonyeshe watoto jinsi anavyopima kila tundu ili yote yalingane. Hatahitaji kuelezwa tena kwamba kupima ni hesabu. Mwombe aiache ndoano nyumbani.

Mwisho wa kila kipindi, hesabu vizibo na kokoto ndogo pamoja na watoto kabla hawajatoka, kwa kuwa vitu vya ukubwa huo huishia puani na masikioni. Na kwa michezo ya kuhesabu usitumie maharage, kwa sababu yakinasa humo hufura na huwa vigumu kuyatoa.