Maswali na Majibu: Umeme wa mabanda, nipunguze gharama wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nipo Njombe, nafuga kuku na ng'ombe wanne. Nataka kuvuta umeme kutoka nyumbani hadi banda la kuku, zizi, na stoo yenye chopa ya majani ya hospawa 3, fezi moja. Hadi stoo ni mita 50. Fundi wangu kaandika waya wa 6 mm, muuza duka anasema 2.5 unatosha kabisa. Bajeti imenizidi. Nipunguze wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu mfugaji. Fundi wako yuko sahihi. Muuza duka angekuwa sahihi kama ungekuwa unawasha taa tu.

Chopa ya hospawa 3 huvuta kama ampea 14. Kwa mita 50, waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 13, wa 6 unapoteza kama 5. Hapo mota imeshashika kasi. Inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi, na kwenye ule mwembamba zinapotea volti 60 na kitu. Mota inabaki kunguruma bila kuzunguka, koili zinachemka, na siku si nyingi unaipeleka kusukwa upya. Ukichanganya na umeme wa kijijini ambao jioni tayari uko chini ya 230, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo punguza mita, usipunguze unene. Je, chopa lazima ikae stoo? Ukiijengea kibanda mita 20 kutoka nyumbani, waya wa 4 unatosha na hasara ni volti 3 hivi. Majani unayabeba kwa toroli. Waya wa shaba unalipia kila mita. Stoo, zizi na banda la kuku vikibaki na taa za LED peke yake, waya wa 1.5 unavitosha vyote: taa kumi za wati 9 hazifiki hata nusu ampea. Ila kama unalea vifaranga kwa balbu za joto za wati 250, nne tu ni kilowati nzima, basi banda la kuku lipate laini yake ya 2.5.

Swichi nazo. Hewa ya kinyesi cha kuku ina amonia, inakula shaba na vyuma vya ndani ya swichi. Badala ya kununua swichi za gharama zisizopitisha maji, weka ya kawaida nje ya mlango, chini ya upenu. Zizini usiweke soketi kabisa. Waya upite ndani ya paipu za plastiki, hasa stoo ya chakula. Panya hawana adabu.

Dukani, soma lebo ya rola. Yadi 100 ni kama mita 91, si mita 100, na bei mbili zinazofanana zinaweza kuficha tofauti hiyo. Kisha omba kipande, menya ncha, ukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya kuliko shaba ya unene uleule, na inachemka kwenye maungio. Rola la namna hiyo ni jepesi sana mkononi, utalijua ukilinganisha na jingine.

Vitu viwili usiviguse kwenye orodha ya fundi wako: breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na nondo ya ethi, ile inayozikwa ardhini. Ng'ombe anasimama kwato nne kwenye sakafu yenye mkojo, na umeme mdogo ambao wewe mwenye gambuti huusikii, yeye anausikia. Anaweza kukataa kunywa maji au kusumbua wakati wa kukamuliwa, nawe ukadhani ni ugonjwa. Breka za mitumba ziache hukohuko, huwezi kujua zimekwisha kuungua mara ngapi.

Kama fundi wako ana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mpelekee wazo la kuhamisha chopa kabla hujanunua chochote, akuandikie orodha upya.